Pangapangua Aingia Jikoni

Mtaani walimwita Pangapangua, na aliyempa jina hilo ni mume wake mwenyewe, kinyozi mpole ambaye miundi ya miguu yake ilikuwa na alama ya kila fanicha iliyowahi kuingia nyumbani kwao. Alikuwa akitoka asubuhi meza ikiwa karibu na mlango, akirudi jioni anaikuta chini ya dirisha. Akiizoea dirishani, inahamia kwenye korido. "Mke wangu akifa," aliwaambia wateja huku mkasi ukilia, "mtamzika mara mbili. Kaburi la kwanza hatapenda linakotazama."

Pangapangua alikuwa fundi wa makochi. Barazani kwake kulikuwa daima na kochi moja lililovuliwa nguo, springi nje, sponji limetupwa kando, na yeye katikati na misumari midogo kati ya midomo, akiongea bila kudondosha hata mmoja. Kazi ilimfaa kwa sababu ni kazi inayoanza kwa kuvunja. Kochi likishakamilika, likakaa pale kumsubiri mwenyewe, alianza kulitazama kwa kinyongo. Kitu kilichotulia mahali pamoja alikiona kama mgonjwa aliyegoma kuinuka kitandani. Wapo watu wa namna hiyo ulimwenguni, na wengi wao hujitibu kwa safari. Yeye hakuwa na nauli wala nafasi ya kwenda popote, basi akawa anasafirisha viti.

Chumba kimoja tu kilikuwa nje ya mikono yake, nacho kilikuwa chumba cha kupikia. Nyumba ilikuwa ya mama yake, na siku ile Pangapangua na mume wake walipohamia, mama aliwaambia wakiwa bado na mabegi kichwani, "Igeuzeni nyumba itazame nyuma mkitaka. Lakini jikoni kwangu hata kijiko msinisogezee."

Kusema kweli, jikoni mle mlikuwa mmechakaa vibaya. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi wa mkaa wa zamani, na hata gesi ilipoingia hakuna aliyezisugua. Mlango wa kabati ulining'inia kwa bawaba moja na kamba ya kiatu. Sakafuni, mbele tu ya jiko la gesi, saruji ilikuwa imebomoka ikaacha shimo la kutosha kukalisha sufuria, na meza iliyobeba jiko lenyewe ilisimama kwa miguu mitatu na tofali. Lakini ndani ya uchakavu huo mama alipika bila kumwaga wala kubabaika. Aliingia, mkono wa kushoto ukachukua aproni kwenye msumari wa ukutani, akaruka shimo bila kulitazama, na chumvi aliifikia rafuni kama mtu anavyofikia pua yake mwenyewe.

Mpaka siku tofali lilipoteleza. Meza ikainama, birika likaanguka, maji ya moto yakamuunguza mama mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Bima. Huyu alikuwa mdogo wake Pangapangua wa kiume, mfanyakazi wa ofisi ya bima, mtu aliyeona kila kitu duniani kuwa ajali ambayo haijafika tu. Alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono nyuma, tai shingoni, akakagua.

"Dada, hili si jiko. Hii ni ajali iliyopanga chumba."

"Usiitukane nyumba ulimozaliwa."

"Nilizaliwa hospitali." Akageuka. "Mama atahamia kwangu. Kwangu kuna lifti, kuna vigae, kuna mtu wa kupika. Yeye atakaa tu."

"Atakaa tu," mama alidakia kutoka sebuleni, mkono ukiwa kwenye bendeji. "Nining'inizwe ukutani kama kalenda."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana hivi: mama aende kwa mwanawe mpaka mkono upone, na Pangapangua atengeneze jiko. Siku ya kumrudisha, mama atawapikia chai mbele ya macho ya Bwana Bima. Akiona mama anapika bila hatari, mama anabaki. Akiona vinginevyo, begi la mama halitashuka kwenye gari.

Pangapangua aliitikia kwa kichwa. Katika nyumba ambayo kila kitu kilihamahama, mama ndiye pekee aliyekuwa mahali pake. Bila yeye jikoni, hakujua nyumba ingesimama kwa nini.

Wakati wa kuagana, mama alimshika kifundo cha mkono kwa ule mkono mzima, akakibana.

"Nisikilize wewe. Ziba shimo. Imarisha meza. Funga mlango wa kabati. Basi. Vingine viache vilipo."

"Ndiyo, mama."

"Rudia."

"Shimo, meza, kabati."

"Na mikono yako?"

"Nitaifunga kamba."

Na alikusudia hivyo kwa moyo wake wote. Huo ndio uchungu wa habari hii.

Pesa ya mafundi haikuwepo. Pangapangua alikuwa na vitambaa vya mabaki, sponji, gundi, na ulimi. Kwa bahati, barazani kwake lilikuwapo kochi la fundi mmoja wa vigae ambaye mtaani walimwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali.

"Fundi, utakuja lini kuniangalizia shimo?"

"Kesho, dada."

"Sawa. Na kochi lako?"

"Kochi langu limefanyaje?"

"Limebaki mifupa. Mkeo anakalia nini siku hizi?"

"Ndoo. Na akiwa juu ya ndoo hanisemeshi."

"Basi tusichoshane. Wewe bandika kigae, mimi nafunga springi. Kigae, springi. Kigae, springi."

Kesho alifika siku ileile, na jambo hilo lilizungumzwa mtaani kama kupatwa kwa jua.

Vigae vyenyewe vilikuwa makombo ya maboksi: vyeupe, vya kijivu, na vichache vya maua vilivyosalia kutoka kwenye bafu la mtu mwenye uwezo. Ili kuziba shimo ilibidi jiko la gesi liondolewe. Lilipoondolewa, ukutani kulibaki umbo lake, limechorwa kwa masizi, kama mtu aliyeondoka akaacha kivuli. Pangapangua alilitazama umbo lile akashindwa kuvumilia. Akachukua sabuni na brashi ya chuma. Masizi yalipotoka, plasta nayo ikaanza kumwagika, na plasta ikatoka na misumari yake. Alipoziba matundu, ukuta ukawa na viraka kama shati la kazini. Ukuta wa hivyo unadai rangi.

Dukani alikuta kopo moja kubwa limesukumwa pembeni, rangi iliyokosewa kuchanganywa, kijani iliyotamani kuwa bluu.

"Hii mbona iko peke yake?"

"Mteja aliikataa," muuzaji akasema. "Alisema inamtia njaa."

"Basi nipunguzie. Hiyo ni rangi ya jikoni."

Halafu ikaja kaunta. Duka la dawa la mtaa wa pili lilikuwa limefungwa, na mwenye jengo alitaka kaunta lake la mbao liondoke hata kwa bure, mradi tu asilibebe yeye. Mbao ngumu, refu, lenye droo ndogondogo zenye maandishi yaliyoanza kufifia: Kikohozi, Tumbo, Macho. Pangapangua aliligonga kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga fremu ya kochi kusikiliza kama mbao ni nzima, akasikia sauti nzito, safi. Angeliachaje? Alilileta kwa mkokoteni wa kuazima. Lilipoingia, likataka ukuta wa kushoto wote. Basi jiko la gesi, pamoja na meza yake iliyokwisha kupata mguu wa nne, likahamia chini ya dirisha, ambako mvuke ungetoka vizuri. Rafu ya zamani ikashushwa. Chumvi na majani ya chai vikaingia kwenye Tumbo, sukari kwenye Kikohozi, kiberiti kwenye Macho, kwa mzaha tu.

Hakuna hata hatua moja iliyokuwa ya kijinga. Ujinga ulikuwa kwenye jumla.

"Mama alisema vitu vitatu," mume wake akamkumbusha, akiwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, kwa kuwa hakuthubutu kuingia.

"Ni vilevile vitatu. Vimezaa."

Mama alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi.

"Umefika wapi?"

"Namalizia, mama."

"Hujahamisha kitu?"

Pangapangua alikuwa juu ya stuli, rola ya rangi mkononi, nywele za kijani. "Kila kitu kipo," akasema. Na hakusema uongo. Kila kitu kilikuwepo.

Siku ya siku ikafika. Jikoni mling'aa, na hata mlango wa kabati ulifungika. Vigae vile vya kuokoteza vilikaa sakafuni kama vilivyopangwa na mtu aliyesoma, na mwanga wa dirishani ulilala juu ya kaunta. Gari liliposimama nje, Pangapangua alitoka mbio, akamshika mama mkono, akamvuta ndani kabla Bwana Bima hajamaliza kufunga vioo na kukagua matairi.

"Fumba macho, mama! Haya, fumbua!"

Mama alisimama kizingitini. Alivuta harufu ya rangi. Kisha mkono wake wa kushoto uliinuka, ukaenda ukutani palipokuwa na msumari wa aproni, ukakuta ukuta laini. Ukapapasa juu. Ukapapasa chini. Ukabaki hewani.

"Pamependeza," akasema.

Alikuwa akitazama pale ilipokuwa rafu ya zamani. Pale palikuwa na ukuta mtupu.

"Soma hizi droo, mama, utavunjika mbavu!"

Mama akacheka. Alicheka vizuri, kwa adabu, uso ukiwa umeelekea dirishani, na droo zilikuwa kushoto kwake.

Pangapangua akazitazama droo, kisha uso wa mama. Aliikumbuka sindano. Zamani mama ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano kubwa za makochi, barazani, wakipiga soga. Kisha siku moja akasema vidole vimechoka, na Pangapangua akasema sawa, akatunga mwenyewe, akaendelea na kazi. Alikumbuka pia jinsi mama alivyokuwa akimimina chai kwa kuingiza ncha ya kidole ukingoni mwa kikombe, na jinsi walivyomtania kwamba anaonja kwa kidole. Sebuleni mama hutembea kwa kufuata ukuta, na wao walidhani anaogopa meza inayohamahama. Ni jikoni tu alikotembea kama malkia. Na jikoni, sasa, hapakuwepo tena.

"Mama," akanong'ona. "Unaona kiasi gani?"

"Mwanga," mama akajibu bila kugeuka. "Mwanga naona. Nyamaza, huyo anakuja."

Bwana Bima aliingia, viatu vikigonga vigae. Alitazama sakafu, akaikanyaga kwa kisigino. Akatikisa kaunta. Halikutikisika. "Hm," akasema, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Akavuta stuli, akakaa mlangoni. "Haya, mama. Chai."

Mama hakusogea. Mikono yake ilishika vazi lake mapajani, na Pangapangua hakuwahi kuiona mikono ile haina la kufanya.

Ndipo alipofungua mdomo, na ulipofunguka haukufungika.

"Bwana Bima, acha nikutembeze! Sinki sijaligusa, lipo palepale lilipokuwa tangu tuko wadogo, na birika liko ndani yake, limeoshwa." Mama alikwenda kwenye sinki moja kwa moja, akachukua birika, akafungua bomba. "Jiko la gesi ndilo nimelihamisha. Lipo huku, mbele kabisa, chini ya dirisha." Akaligonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko. "Ukitoka kwenye sinki unakuja tu na mwanga usoni. Njia nyeupe, hakuna shimo, sakafu kama kiganja!"

Mama alikuja na mwanga usoni. Birika likatua juu ya chuma.

"Kiberiti, sasa hapa ndipo utacheka, kipo kwenye droo ya Macho. Droo ya kwanza ya kaunta, mkono wa kushoto wa jiko, usawa wa kiuno." Akakitikisa kiberiti humo ndani ili kilie. "Droo inayofuata ni Tumbo: majani ya chai mbele, chumvi nyuma, kopo la chumvi lina mfuniko wa mikunjo. Ya tatu, Kikohozi, sukari. Vijiko vimesimama kwenye kikombe juu yake, hapa, ninapogonga."

Mama aliwasha moto. Vidole vyake vililijua jiko lile hata kama halikuwa kwao. Alipogeuka kuchukua sukari, nyonga ikagonga kona ya kaunta, kikombe cha vijiko kikayumba, kijiko kimoja kikaanguka na kulia sakafuni.

"Kona hii!" Pangapangua akapiga kelele. "Kona hii imegonga kila mtu! Leo asubuhi imenigonga mimi, jana imemgonga shemeji yako, anachechemea mpaka sasa huko kinyozini!"

Bwana Bima aliinuka kwenye stuli. Alikiokota kijiko, akakipangusa kwa tai, akakirudisha kwenye kikombe.

Maji yalichemka. Mama akamimina, kichwa kimeinama kidogo, akisikiliza sauti ya chai ikipanda, ncha ya kidole ukingoni. Hakumwaga hata tone. Bwana Bima alikohoa mlangoni, na mama akampelekea kikombe kwa kufuata kikohozi hicho.

Bwana Bima akanywa.

"Sukari imezidi," akasema.

"Kunywa," mama akasema. "Maisha yako ndiyo hayana sukari."

Alikunywa mpaka chini. Kisha akamwita dada yake nje, wakasimama kando ya gari, karibu na dirisha. Begi la mama lilikuwa bado kwenye kiti cha nyuma.

"Dada, redioni wanakulipa vizuri?"

"Redio gani?"

"Mechi nzima umetangaza. Hata ningefumba macho ningejua mpira uko kwa nani." Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Tangu lini?"

Pangapangua alitaka kujitia hamnazo, akashindwa. "Sijui. Nimejua leo, kama wewe."

"Kwangu alikuwa hainuki kwenye kiti. Nilidhani amenuna. Namwambia, mama, tembea, nyoosha miguu, ananiambia hana pa kwenda." Akavaa miwani tena. "Hawezi kubaki, dada. Kuna moto mle ndani. Nikimwacha, akaungua tena, nitajiambia nini?"

"Na ukimchukua?"

"Atakuwa salama."

"Kama kalenda."

"Mnaongea chini ya dirisha langu," sauti ya mama ikatoka ndani, "mnadhani niko mbali? Kilichokwenda ni macho. Masikio bado ninakaa nayo."

Waliingia kama watoto walioitwa. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli ya mwanawe, mgongo umenyooka.

"Yalianza kama mvuke, nikadhani ni mvuke. Nikanyamaza, maana nawajua. Nikisema, huyu atanikalisha kwenye kiti na kunifunika blanketi. Na huyu," akaelekeza kidevu kwa binti yake bila kukosea, "ataamka asubuhi anipangie upya ili nione vizuri."

Pangapangua aliificha mikono nyuma.

"Daktari wa macho nitakupeleka," Bwana Bima akasema. "Hilo halina mjadala."

"Nipeleke. Kisha unirudishe."

"Mama, uliungua."

"Niliunguzwa na tofali. Kabla ya tofali, ulishawahi kusikia nimeungua? Miaka yote hii moto na mimi tumeheshimiana, kwa sababu kila mtu alijua mwenzake yuko wapi." Akapapasa kovu mkononi. "Jiko lile lilikuwa bovu, najua. Lakini nililijua. Hili ni zuri na silijui. Nirudishieni vitu vyangu mahali pake, na begi langu mlilete."

Bwana Bima aliitazama sakafu. Kisha akatoka. Pangapangua alisikiliza kama ataita, "Mama, twende." Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, ukafungwa. Bwana Bima aliporudi alikuwa na begi. Akaliweka chumbani kwa mama, akarudi akikunja mikono ya shati.

"Mtungi wa gesi nabeba mimi," akasema. "Wewe utauangusha."

Mchana ule mama aliamuru kutoka kwenye stuli. Kaunta alilipapasa lote, droo kwa droo, akanusa mbao, akasema libaki, lakini liende palipokuwa meza na jiko likae juu yake. Bwana Bima alisukuma kaunta na tai yake ikining'inia mgongoni. Rafu ilirudi juu. Chumvi, majani, sukari, kwa mpangilio wa zamani, nafasi ya kiganja kati ya kopo na kopo. Mama alisimama, akajaribu, akasema, "Sukari, kidole kimoja kulia." Pangapangua akasogeza. "Kidole nimesema, si mkono." Akarudisha.

Mwisho ulibaki msumari. Pangapangua alisimama na nyundo mbele ya ukuta wake wa kijani iliyotamani kuwa bluu, ukuta aliousugua, akauziba, akaulainisha kwa msasa mpaka mabega yakamuuma. Akamshika mama mkono, akauinua mpaka ulipojituliza wenyewe. Akaweka msumari pale kwenye ncha ya kidole. Akapiga. Rangi ikapasuka kidogo kuuzunguka, kama ganda la yai.

"Hapo," mama akasema, akatundika aproni.

Tangu hapo Pangapangua huingia jikoni asubuhi kumsaidia mama kumenya hiki na kile, na kila asubuhi mkono wake huelekea kwenye kopo la sukari. Lingekaa vizuri zaidi karibu na dirisha, mtu yeyote mwenye macho anaona hivyo. Vidole hugusa mfuniko. Mama, mgongo ukiwa umemgeukia, huacha kumenya, akasikiliza.

Pangapangua hutoa mkono. Hutoka, akaenda moja kwa moja sebuleni, akalishika kochi kubwa kwa mikono yote miwili, akalivuta mpaka katikati ya njia.

Jioni kinyozi hurudi, huingia, hugonga muundi, hupiga yowe. Na jikoni, mbele ya jiko, mama hucheka peke yake, akinyoosha mkono kuifikia chumvi.